Dawa ya Kihindi: mafuta kwa mugongo ndiyo, kidonge cha kichwa uliza kwanza

Kila nyumba ya muchimbaji inajua ile maneno: "Mama, mugongo iko inanikata, na kichwa nayo iko inapiga." Mama anatafuta parasetamoli. Kesho yake tena, kesho kutwa tena. Halafu jirani anakuja na habari ya dawa ya Kihindi: mafuta ya kupakaa, poda ya kunywa, vidonge vyeusi vidogo ndani ya karatasi. Anasema haina hatari, juu ni miti tu. Hapo tusimame kidogo.

Utabibu huo unaitwa Ayurveda. Uko India tangu zaidi ya miaka 2000, na leo waganga wake wanausoma miaka 5 na nusu kabla ya kutibu. Kwao maumivu ya misuli ni kazi ya vata, ni kusema upepo: baridi, ukavu, kuchoka. Muntu aliyeinama masaa nane na nyundo, akatoka na jasho lake, akapanda pikipiki kwa ile baridi ya mwezi wa sita, hatabisha.

Upepo huo hakuna chombo cha kuupima. Lakini dawa yao ya kwanza ni rahisi, na mugongo unaijua: mafuta ya moto kidogo, mara nyingi ya ufuta, na mikono ya muntu. Tia chupa ndani ya maji ya moto, usiiweke juu ya makaa. Jaribu kwanza kwenye ngozi ya mukono. Paka kando ya uti wa mugongo, kutoka kiunoni kwenda juu, usikandamize mufupa wenyewe. Kwenye miguu na mikono vuta murefu. Kwenye viungo zungusha. Ngoja nusu saa, oga maji ya vuguvugu. Kesho yake tembea, usilale juma nzima. Mugongo wa kazi hauponi kitandani. Lakini kama ulianguka, kama kuna kidonda, uvimbe ao homa, acha mafuta. Na kama muguu umekufa ganzi ao mukojo umekatala kutoka, ni lopitali siku ileile.

Kichwa ni mambo mengine. Vitabu vya Ayurveda vinataja maumivu yanayotoboa nusu ya kichwa, ile tunaita migreni, na vinaonya juu ya njaa, jua kali na kukosa usingizi. Madokta wa leo wanasema karibu vilevile. Kwa mutu wa ekipe ya usiku ni shauri gumu, lakini kunywa maji na kula kabla ya kushuka kunawezekana. Tangawizi nayo si mchezo: mwaka 2014 huko Iran waliijaribu kwa wagonjwa 100 wa migreni, wengine wakapewa sumatriptani, dawa ya farmasi, na nafuu ikakaribiana. Jaribio moja tu, lakini kikombe cha tangawizi hakigharimu sana.

Ila uliza kwanza: kichwa kinaanzia wapi? Kama kinauma ndani ya shimo, kinapoa ukitoka, na wenzako nao wanasikia kizunguzungu na kichefuchefu, hiyo si migreni. Ni moshi wa motopompe ao wa jenereta, gesi isiyo na harufu, na inaua. Tokeni wote, zimeni moteri. Hakuna mafuta ya kutibu ile. Na mwenye kumeza parasetamoli siku 15 ao zaidi kila mwezi ajue kwamba dawa yenyewe inaweza kurudisha kichwa kila siku.

Sasa vile vidonge vyeusi. Ayurveda iko na tawi linalochoma madini na kutia majivu yake ndani ya dawa: zebaki, na mara nyingine risasi, ile plomb. Mwaka 2004 watafiti walinunua dawa 70 za Ayurveda katika maduka ya Boston, Marekani. 14 zilikuwa na risasi, zebaki ao arseniki. Risasi ikijaa mwilini inaleta nini? Kichwa kuuma, tumbo kukata, viungo kuuma. Ndiyo magonjwa yaleyale uliyoinunulia.

Muntu wa Boston pengine alianza na mwili safi. Sisi hapana. Mwaka 2009 watafiti wa Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walitoa vipimo vya mukojo wa watu wa Katanga: wanaokaa karibu na migodi na viwanda walikuwa na kobalti, risasi na uraniumu kuliko wanaokaa mbali. Kuongeza ingine kwa kinywa, tena kwa pesa yako!

Kwa hiyo kidonge kisicho na jina ya mutengenezaji, ao chenye neno "bhasma" ao "rasa" kwenye pakiti, kisiingie nyumbani. Ashwagandha, poda ile ya nguvu, mama mwenye mimba asiinywe. Na kama umekwisha kumeza vidonge hivyo miezi kadhaa, peleka pakiti yenyewe kwa dokta, umwambie kazi yako na mwaka ulioianza, na umuombe akupime risasi ya damu.