Moja Isiyobaki Moja

Nikiwaandikia kidato cha sita ubaoni "1 kipeo infiniti", jibu huja kabla sijashusha chaki: moja, mwalimu! Wana sababu. Moja ukiizidisha kwa moja hata mara milioni, haitoki hapo ilipo. Sibishani nao. Nawapa hesabu ya riba, huku nikiwatoa hofu (tupo Tanga, riba hapa haina marafiki) kwamba benki yenyewe ni ya ubaoni tu.

Weka shilingi 1,000,000 kwa riba ya asilimia 100 kwa mwaka. Mwisho wa mwaka unachukua 2,000,000. Benki ikikubali kulipa nusu ya riba kila miezi sita, nayo ikaingia kwenye mtaji, unapata 2,250,000. Kila mwezi: 2,613,035. Kila siku: 2,714,567. Hapo darasa huchangamka, kila mmoja anataka alipwe kila dakika ili aage umaskini. Haya, kila saa: 2,718,127. Kutoka siku hadi saa tumeongeza shilingi 3,560, kuku mzima hununui! Hata ukiukatakata mwaka vipande vidogo kuliko sekunde, 2,718,282 huivuki.

Jacob Bernoulli wa Basel, Uswisi, alilichungua swali hili mwaka 1683, akaonyesha kuwa jibu liko kati ya 2.5 na 3. Baadaye Leonhard Euler, naye mzaliwa wa Basel, akaipa namba hiyo herufi e: 2.71828 na kuendelea bila mwisho.

Tazama kinachotokea. Mwaka ukigawanywa mara n, mtaji unazidishwa kwa (1 + 1/n), mara n. Kadiri n inavyokua, kilicho kwenye mabano kinaikaribia 1, na kipeo kinakimbilia infiniti. Kosa la vijana ni kumfikisha mmoja kwanza, kisha kumwita mwenzake. Wawili hawa wanavutana kamba kwa wakati mmoja. Badili 1/n iwe 1/n², mabano yanashinda: n ikiwa 100 unapata takriban 1.01, na kikomo ni 1. Rudisha 1/n lakini kipeo kiwe n², n ile ile 100 inakupa namba ya tarakimu 44.

Ndiyo maana umbo hili huitwa lisilobainika, kama 0/0. Kwa 0/0 ipo kanuni maarufu iliyochapishwa mwaka 1696 katika kitabu cha L'Hôpital, tajiri wa Ufaransa aliyekuwa akimlipa Johann, mdogo wake Jacob, ili amletee uvumbuzi wake. Kwa maoni yangu, jina lake kwenye kanuni hiyo alilinunua.

Basi wanafunzi wataje namba yoyote chanya, nami nitaitengenezea "1 kipeo infiniti" yake. Wakisema 5, naandika (1 + 1.6094/n) kipeo n, kwa kuwa e kipeo 1.6094 ni takriban 5, na kikokotoo kinawapitia mezani mmoja mmoja.