Blasha kwa wateja weupe wa makamo: chagua rangi, kisha fikiria joto

Wanaofunga mzigo wa vipodozi Dubai kwa ajili ya maduka ya Zanzibar na Mombasa hujaza katoni blasha nyekundu iliyoiva, zambarau na rangi ya matofali. Ni sawa, ngozi nyeusi ndiyo soko kubwa. Lakini mama mweupe wa miaka 55 akipaka rangi hizo, mashavu hubaki na madoa. Yeye humfaa waridi hafifu au rangi ya pichi, isiyometameta.

Umri nao una hesabu yake. Ngozi ikizeeka hukauka, na poda hutuama kwenye mikunjo. Krimu humkaa vizuri zaidi.

Tatizo ni safari. Krimu hulainika kontena likikaa juani bandarini, na ikishajitenga mafuta hakuna atakayeinunua. Poda huvumilia joto, ila barabara mbovu huivunja. Kwa wateja wachache kama hawa, dazani mbili za krimu zikae sehemu yenye ubaridi. Alama ya kopo wazi yenye 12M ni miezi 12 tangu kufunguliwa, si muda wa kukaa dukani. Kwa Tanzania Bara, tangu 2019 vipodozi husimamiwa na TBS, si TFDA.