Mwanafunzi anatafuta mshauri wa sayansi: kanisa linaweza kusaidia namna gani?

Shule zetu zinapotayarisha maonyesho ya sayansi, wazazi wengi huuliza: mtoto wetu atampata wapi mtu anayelijua jambo hili kweli? Mwalimu wa kemia ana madarasa mengi, na vyombo vya maabara ni vichache. Tena kuna hofu ya pili. Mtaalamu akipatikana, anaweza kuifanya kazi yote, na siku ya maonyesho mtoto akasimama mbele ya meza akisoma maneno asiyoyaelewa.

Matendo 18 inatupa mfano. Apolo alikuwa hodari katika Maandiko, lakini alijua ubatizo wa Yohana tu. Prisila na Akila walimchukua kwao, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Hawakuhubiri mahali pake. Alipofika Akaya, ni yeye mwenyewe aliyesema na watu. Mshauri mwema hunyoosha. Kazi inabaki ya mwanafunzi.

Swali kwanza, mtaalamu baadaye

Mtaalamu hawezi kumsaidia sana mtoto anayesema, “Nataka kufanya kazi juu ya maji.” Anahitaji swali linalopimika. Danieli alipomwomba msimamizi amjaribu, alitaja chakula, alitaja siku kumi, akataja na vijana wa kulinganisha nao (Danieli 1:12-13). Mwanafunzi afanye vivyo hivyo.

Tuchukue jambo tunalolijua. Familia nyingi kando ya Ziwa Kivu huteka maji kwa bidoni na kuyatia klorini ili kuepuka kipindupindu. Mwanafunzi anaweza kuuliza: nikitia kiasi kilekile cha klorini katika maji ya ziwa, ya mvua na ya mto, kiasi gani kinabaki baada ya dakika 30? Kipo kifaa kidogo chenye vidonge vinavyogeuza maji kuwa ya waridi. Kadiri klorini ilivyo nyingi, ndivyo rangi inavyokolea.

Hapo ndipo mtaalamu anapoonyesha faida yake. Mwanafunzi ataona kwamba maji machafu yanamaliza klorini haraka, kwa kuwa uchafu unaila kabla haijafikia vijidudu. Lakini kuna jambo ambalo rangi ya waridi haitamwambia. Maji ya juu ya Ziwa Kivu yana pH inayokaribia 9. Shirika la Afya Ulimwenguni linashauri ibaki angalau miligramu 0.5 ya klorini katika lita moja baada ya dakika 30, maji yakiwa na pH chini ya 8. Juu ya hapo, klorini inaonekana ipo, lakini nguvu yake ya kuua vijidudu imepungua. Neno moja la mtu wa maabara, “Pima na pH,” linabadilisha kazi nzima.

Tumtafute wapi?

Anzeni karibu. Katika viti vya kanisa wameketi wauguzi, watu wa maabara ya hospitali, wataalamu wa kilimo, mafundi wa umeme. Wengi hawajawahi kuulizwa. Kisha ziko taasisi za kwetu: vyuo vikuu vya Kiprotestanti, kama ULPGL huko Goma na UEA huko Bukavu, kituo cha utafiti wa sayansi asilia cha Lwiro, kituo cha Uvira kinachochunguza maji na viumbe vyake, na kituo cha Goma kinachochunguza volkano. Kama njia haipitiki, mazungumzo ya simu ya nusu saa yanatosha kuanza.

Ujumbe wa kwanza uwe mfupi, uandikwe na mwanafunzi mwenyewe, na mwalimu ausome kabla haujatumwa:

“Shikamoo Daktari. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tano sekondari. Ninalinganisha klorini inayobaki katika maji ya ziwa na ya mvua. Nimeshapima mara tatu. Matokeo ni haya. Sielewi kwa nini yanatofautiana. Naomba dakika 30 za kuniongoza, mwalimu wangu akiwepo.”

Ujumbe huo unaonyesha kwamba mtoto amekwisha kuanza. Mtu hukubali upesi kumsaidia anayetembea tayari. Asipojibu, mkumbusheni mara moja baada ya wiki, kisha mwendee mwingine bila kinyongo.

Mipaka ya kulinda

Prefe wa shule na mzazi wajue mshauri ni nani. Mikutano ifanyike mahali pa wazi, mtu mzima mwingine akiwepo; hata akiwa mzee wa kanisa, kanuni ni hiyo hiyo. Klorini isichanganywe kamwe na siki, ndimu wala asidi yoyote, kwa maana hutoa hewa ya sumu. Vijidudu visikuzwe nyumbani. Kazi hiyo ni ya maabara.

Mwanafunzi awe na daftari moja: tarehe, vipimo vyote, hata vile visivyompendeza. Kwenye bango lake aandike wazi nani alimsaidia na kwa jambo gani. Matokeo yakiwa kinyume na alivyotazamia, yabaki hivyo. Kubadilisha tarakimu ili kupata zawadi ni ushuhuda wa uongo, na kwa habari ya maji, jirani anaweza kuugua kwa sababu yake.

Jumapili inayokuja

Mchungaji anaweza kuuliza mbele ya kusanyiko: nani anajua kazi ya maabara, ya udongo, ya umeme, ya afya, na anaweza kutoa saa mbili kwa mwezi? Karani aandike majina na kuyapeleka kwa prefe. Haidai franga nyingi. Vijana wetu wameona watu wakiugua kwa maji. Wakijifunza kuyapima kwa uaminifu, ni jirani zao watakaokunywa salama. Bwana awabariki.