Mbung'o wa Unguja walimalizwa kwa mionzi, wa Mikumi je?

Ukitaja neno nyuklia katika kata ya Magomeni, wilayani Kilosa, wengi watafikiria bomu, au mtambo wa Chernobyl uliolipuka mwaka 1986. Wachache sana watafikiria ng'ombe. Hata hivyo, kwa mfugaji wa Kilosa ambaye kila mwaka hununua dawa za nagana, na kwa mkulima ambaye angependa kulima kwa maksai badala ya jembe la mkono, jambo la nyuklia lililo karibu naye zaidi ni mbung'o.

Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki (IAEA) lilianzishwa mwaka 1957 na makao makuu yake yako Vienna, Austria. Katika taarifa za habari linasikika pale linapokagua mitambo ya nchi zinazoshukiwa kutengeneza silaha. Upande wake wa pili hausikiki sana. Tangu mwaka 1964 lina kitengo cha pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo (FAO), chenye maabara zake Seibersdorf, nje kidogo ya Vienna, ambako wataalamu wanashughulika na mbegu, udongo, magonjwa ya mifugo na wadudu waharibifu. Tanzania ilijiunga na IAEA mwaka 1976, na kazi kubwa kuliko zote ambayo mfugaji wa nchi hii amefanyiwa na shirika hilo ilifanyika Unguja.

Madume tasa kutoka angani

Mbung'o jike kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani, akahifadhi mbegu hizo. Hatagi mayai mengi kama nzi wa nyumbani. Huzaa buu mmoja kwa wakati, kila baada ya siku tisa au kumi hivi. Kwa hiyo jike akipandwa na dume tasa, hesabu yake imekwisha. Mbinu ni kufuga mbung'o kwa wingi maabara, kuwapiga madume mionzi ya gamma ili wawe tasa bila kuwaua, kisha kuwaachia porini wakashindane na madume wa huko.

Mbung'o wa kazi hiyo walifugwa Tanga, katika taasisi ya utafiti wa mbung'o ambayo leo iko chini ya Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA). Kuanzia mwaka 1994 hadi 1997 ndege ndogo zilimwaga madume tasa zaidi ya milioni 7 juu ya kisiwa. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996, na mwaka uliofuata Unguja ikatangazwa kuwa haina mbung'o tena.

Tathmini iliyofanywa miaka michache baadaye ilionyesha kuwa uzalishaji wa maziwa kisiwani ulikuwa umekaribia kuongezeka mara tatu ukilinganisha na katikati ya miaka ya 1980. Wakulima wanaotumia maksai kulima na kuvuta mikokoteni nao waliongezeka. Ng'ombe wa kisasa, ambao zamani walikuwa wakifa kwa nagana kabla hawajarudisha gharama, walianza kufugwa hata na wakulima wadogo.

Kuna jambo ambalo waandishi wengi huliruka wanaposimulia habari ya Unguja. Kabla ndege hazijaruka, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, ng'ombe wa kisiwani walimwagiwa dawa mgongoni na vitambaa vya bluu vyenye sumu vikatundikwa vichakani. Kazi hiyo ndiyo iliyopunguza mbung'o hadi wakabaki wachache. Nyuklia ilikuja kufagia mabaki. Haikuanza na pori lililojaa, kwa sababu hakuna maabara inayoweza kuzalisha madume wa kutosha kushindana na pori lililojaa.

Mkwaja haikuwa kisiwa

Unguja haikuwa jaribio la kwanza nchini. Katika miaka ya 1940, kabla IAEA haijazaliwa, mtafiti F. L. Vanderplank aliyekuwa Shinyanga alijaribu kuachia aina moja ya mbung'o katika eneo la aina nyingine, ili wapandane na kuzaa kizazi kisicho na rutuba. Kisha katika miaka ya 1970, kwa msaada wa Marekani, madume waliotiwa utasa kwa mionzi waliachiwa katika ranchi ya Mkwaja, mkoani Tanga. Ranchi ilizungushiwa ukanda uliofyekwa wenye upana wa kilomita moja ili mbung'o wa nje wasiingie.

Mbung'o walipungua sana, lakini hawakwisha. Waliuvuka ukanda ule na kurudi. Ranchi iliendelea kupambana na nagana kwa dawa kwa miaka mingi, hadi ikafungwa mwaka 2000, na eneo lake sasa ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani.

Mfugaji wa Kilosa anapaswa kuiangalia Mkwaja kabla ya kuitamani Unguja. Unguja ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,600 hivi na imezungukwa na bahari. Hifadhi ya Mikumi peke yake ina kilomita za mraba 3,230, na upande wa kusini imepakana na pori la Selous, ambalo sehemu yake kubwa tangu mwaka 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Hapo wanyamapori wapo, vichaka vipo, na hakuna bahari ya kuzuia chochote. Kumwaga madume tasa Kilosa huku mlango wa Mikumi uko wazi ni kutwanga maji kwenye kinu, tena kwa gharama ya ndege.

Kwa hesabu ya uchumi, mbinu hii inalipa pale tu gharama inapotolewa mara moja na faida ikabaki miaka yote. Gharama ikirudi kila msimu, ni afadhali fedha hizo ziende kwenye majosho.

Na katika majosho kwenyewe kuna fedha zinazopotea. Dawa ya amitraz huua kupe vizuri, lakini si ya kutegemea kwa mbung'o. Anayesumbuliwa na wote wawili anahitaji dawa za jamii ya deltamethrin au alphacypermethrin. Utafiti umeonyesha pia kwamba mbung'o wengi hutua miguuni na tumboni, na hupendelea ng'ombe wakubwa kuliko ndama. Mwenye bomba la kunyunyizia anaweza kulenga sehemu hizo kwa ng'ombe wakubwa na akatumia dawa kidogo kuliko kuwalowesha wote, ingawa kwa kupe wa masikioni bado atahitaji utaratibu wake wa kawaida. Muhimu ni kuwa wafugaji wa eneo moja wafanye pamoja. Mmoja wa Parakuyo akinyunyizia peke yake anawafanyia kazi mbung'o wa jirani.

Nani anaamua Vienna

Je, Kilosa inaweza kuomba chochote huko Vienna? Inaweza, ila si moja kwa moja. IAEA si chama cha wataalamu ambacho mtu hulipa ada akapewa kadi. Wanachama wake ni serikali, ambazo sasa ni zaidi ya 170. Kila Septemba hukutana katika Mkutano Mkuu, na humo Tanzania ina kura moja sawa na Marekani au China. Chini ya mkutano huo ipo Bodi ya Magavana yenye nchi 35. Kati ya hizo, 22 huchaguliwa na Mkutano Mkuu kwa vipindi vya miaka miwili, na 13 huteuliwa na bodi inayomaliza muda wake, kwa kuzingatia nchi zilizoendelea zaidi katika teknolojia ya nyuklia. Hapo usawa wa kura unapungua makali, kwani bodi ndiyo inayopitisha miradi na kumteua Mkurugenzi Mkuu, kwa idhini ya Mkutano Mkuu. Tangu Desemba 2019 nafasi hiyo inashikwa na Rafael Grossi wa Argentina. Kabla yake aliwahi kuwapo Mwafrika, Mohamed ElBaradei wa Misri, kuanzia mwaka 1997 hadi 2009.

Fedha za miradi ya kilimo na afya hutoka katika mfuko wa ushirikiano wa kiufundi, ambao nchi huuchangia kwa hiari. Ukaguzi wa silaha, kwa upande mwingine, unagharimiwa na michango ya lazima. Nchi za Afrika zimelalamikia mpangilio huo kwa miaka mingi, na zina haki: kazi inayowalinda wakubwa ina fedha ya uhakika, kazi inayomfikia mfugaji inasubiri wema wa mchangiaji.

Hapa nchini mlango ni Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania (TAEC), iliyoundwa kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 2003. Wafanyabiashara wanaifahamu kwa sura nyingine, ile ya cheti cha mionzi kwa vyakula vinavyoingia na kutoka nchini. Mchuuzi wa ufuta au mbaazi wa Kilosa huenda hajawahi kukiona cheti hicho, kwa kuwa anayekilipia ni msafirishaji. Lakini msafirishaji hupiga hesabu kutoka bandarini kurudi shambani, na kila ada anayotozwa huishusha bei anayoitaja ghalani. Kipimo chenyewe kina maana, kwa kuwa wapo wanunuzi wa nje wanaokidai. Kinachofaa kudaiwa ni ada ndogo na majibu ya haraka.

Maombi ya miradi hupangwa kwa mizunguko ya miaka miwili, yakipitia wizara husika kisha TAEC. Mfano wa ombi lililozaa matunda ni mpunga wa SUPA BC, uliopatikana kwa kupiga mionzi mbegu ya Supa na kuidhinishwa Zanzibar mwaka 2011. Kilosa nayo ina kituo cha utafiti cha Ilonga, na ombi la mbegu lingekuwa jepesi kutekelezwa kuliko la ndege za mbung'o.

Kwa upande wa mbung'o, wizara itahitaji takwimu kwanza: mitego mingapi iliwekwa, ilinasa wangapi kwa siku, ng'ombe wangapi walipimwa damu na wangapi wakakutwa na nagana. Mengi ya hayo yanaweza kukusanywa na ofisa mifugo wa kata pamoja na wafugaji, kwa mitego ya vitambaa vya bluu na vyeusi inayoshonwa na fundi cherehani yeyote.