Bundi wa Darini

Bundi akilia juu ya paa usiku, watu huokota mawe. Wanasema kaja kubashiri kifo. Mimi nasema kafuata panya. Yule mwenye uso mweupe, babewana, hajui kujenga. Hutaga darini, katika pango la mti, hata ndani ya kiota kikubwa cha vijiti cha fundichuma, ndege ambaye naye huogopwa: ukimbomolea, wasema wazee, utapata mkosi. Tazameni chini ya mahali anapolala bundi. Mtaona madonge ya manyoya na mifupa ya panya aliyoyatapika. Huyo ndiye tunayempiga mawe, halafu tunakimbilia dukani kununua sumu ya panya! Na panya mwenye sumu, bundi akimla, naye aweza kufa.