Niobiamu ya Mrima na leza inayojiharibia njia

Kama wewe ni kijana wa Diani, Msambweni au Lunga Lunga, jina la Mrima si geni kwako. Kampuni ya Cortec ilipata leseni ya kuchimba mwaka 2013, serikali ikaifuta mwaka huohuo, kesi ikafika kituo cha usuluhishi cha Benki ya Dunia, na 2018 Kenya ikashinda. Lakini je, ushawahi kuambiwa niobiamu iliyo chini ya msitu ule wa kaya ni ya kazi gani?

Nyingi duniani huongezwa kwenye chuma ili kiwe imara zaidi. Kidogo huunganishwa na lithiamu na oksijeni, ikakuzwa kuwa fuwele angavu kama kioo, lithiamu niobeti. Fuwele hii hutumika kupachika data kwenye mwanga unaosafiri ndani ya nyaya za faiba.

Sasa hapa ndipo mambo hunoga. Mwaka 1966 Arthur Ashkin na wenzake wa Bell Labs, Marekani, waliripoti kitu cha ajabu. Leza ilipita safi ndani ya fuwele, kisha baada ya muda mwale ukaanza kuvurugika na kutawanyika. Wakauita uharibifu. Lakini fuwele ikipashwa moto wa kutosha, inarudi ilivyokuwa!

Siri yake ni hii. Mwanga hung'oa elektroni penye mwangaza, nazo huhamia penye giza na kunaswa huko. Ni kama watu ufuoni saa saba mchana: wote wanakimbilia kivuli cha mnazi, juani hakubaki mtu. Msongamano huo huzaa nguvu ya umeme inayobadilisha jinsi fuwele inavyopinda mwanga. Mwanga kidogo uliotawanywa na dosari ndogo hukutana na mwale mkuu, vinachora mistari ya mwanga na giza, na mistari hiyo inatawanya mwanga zaidi. Leza inajiharibia njia yenyewe.

Anayetoa elektroni hizo mara nyingi ni chuma, hata kikiwa chembe chache tu katika milioni. Anayetaka mwale safi hukiondoa, au huongeza magnesiamu. Anayetaka kuhifadhi picha za holografia hukitia makusudi.

Na udongo wa Mrima? Mwekundu, umejaa chuma. Kutoka udongo ule hadi fuwele safi kuna kemia, tanuri na fizikia, na pesa ndefu iko huko. Usisahau kwamba uchimbaji wa titani wa Base uliisha Kwale mwishoni mwa 2024, na madini yale yalipakiwa melini Likoni yakiwa bado mchanga.

Kwa hivyo baraza la Mrima likiitishwa tena, usiende kusikiliza mabilioni tu. Uliza: chuma kitatenganishwa na niobiamu wapi, na nani atafunzwa kazi hiyo? Thoriamu iliyo kwenye udongo uleule itaachwa wapi? Na kaya ya Wadigo itabaki imesimama?