Koti Zito Si Lazima Liwe na Joto

Garsen ni mahali pa joto, na huenda ukauliza, koti la nini huko? Lakini Mto Tana ulipofurika mwaka wa 2023 na tena 2024, familia nyingi zilihamia penye mwinuko. Mtu aliyelowa hupoteza joto upesi, hasa mtoto mchanga.

Unapomchagulia jamaa yako koti la mitumba, usidanganywe na maandishi ya kulisifu. Kinachozuia baridi ni hewa iliyonaswa kati ya nyuzi, wala si uzito. Soma lebo ya ndani. Poliesta hainywi maji kama pamba. Ukiikamua bado itasaidia. Manyoya ya bata yakilowa hushikana, na joto hupotea. Kisha lifinye koti, uliachilie. Likifura tena, ni zima. Likibaki bapa, limechakaa.

Kumbuka, koti halileti joto, hulihifadhi tu. Mvue mtoto nguo zilizolowa, mkaushe, ndipo umvike. Usimweke karibu na moto, kwani poliesta huyeyuka na kugandama ngozini. Akilegea au akikataa kunyonya, mweke kifuani ngozi kwa ngozi, mfunike, na umkimbize hospitalini.